Ngoma Juani

Tangu ubao uniangukie kichwani kule mjengoni, daktari amenikataza kelele na kazi mpaka maumivu yaishe. Jumapili hii ngoma yangu ya kanisa ingepigwa na mtu mwingine.

Musimbi, mke wangu, aliianika juani mlangoni ili ngozi ikaze. Mimi aliniacha ndani gizani, nyuma ya pazia la mlango.

Nilipitisha mkono chini ya pazia, nikaigusa. Ngozi ilikuwa na joto kama mgongo wa mtoto aliyelala. Nikaigonga polepole kwa kidole kimoja. Maumivu yakaruka kutoka kisogoni hadi machoni, nikashika ukuta wa mabati.

"Nimekusikia!" Musimbi alisema. "Unataka turudi hosi kwa daktari?"

Wanakwaya walikuja, wakaibeba ngoma. Baadaye wimbo ukasikika kutoka kanisani, ng'ambo ya reli. Ngoma ikaingia kwa kuchelewa.

"Huyo anatuharibia," nilisema.

"Wacha kusikiliza. Daktari alisema upumzike."

Nikafunua pazia kidogo. Musimbi alikuwa ameinamia karai la vyombo, mikono imetulia ndani ya povu. Kisigino chake kilikuwa kimeinuka hewani, kinangoja pigo langu.