Chale za Mwimo

Bi Sikudhani alimwacha mhandisi Lusajo apime chale za mwimo wa mlango wake, moja baada ya nyingine, kwa furaha ya mtu aliyeokota dhahabu. Wiki nzima kijana wa watu alikuwa akizunguka kandokando ya mto, akiuliza mafuriko ya zamani yalifika wapi. Bila kujua hilo asingeweza kupanga kimo cha bwawa la umeme, na hakuna aliyewahi kuandika popote.

"Mwaka wa chale hii mto ulipanda kwelikweli, mama!" alisema, akigusa chale ya juu kabisa.

"Huo si mto, baba. Huyo ni Mwanaidi, binti yangu mkubwa, siku aliyomaliza shule." Bi Sikudhani alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani. "Watoto nawapima kulia. Mto uko kushoto."

Lusajo akachana ukurasa wa daftari lake, naye akicheka, akaanza upya. Alipomaliza, Bi Sikudhani akamuuliza, "Na bwawa likijaa, maji yatafika wapi hapa?" Kiwanja cha kuhamia alishaonyeshwa, kule mlimani, na alikipenda.

Lusajo akapanda juu ya kigoda, akanyoosha mkono. Ukapita chale zote, ukapita ukingo wa paa, kidole kikabaki kinaelekea angani.

Bi Sikudhani alikitazama kidole kile. Kisha akaingia ndani, akatoka na mtaimbo, akauchomeka nyuma ya mwimo wa kulia ili kuung'oa.

"Haya, shuka ushike huku chini," alisema. "Hawa wangu hawajui kuogelea."