Utepe wa Matundu

Fundi alikuwa ameshawasha mashine ya kukatia vyuma Kawira alipopaza sauti: "Subiri!"

Alikuwa ameingia kwenye karakana hiyo ya vyuma chakavu, katika mtaa wa Doornfontein, kutafuta mota ya feni ya binti yake. Badala yake, katikati ya mafriji mabovu, alikuta kompyuta kubwa kama kabati, ya aina ileile aliyojifunzia kuandika programu kule Nairobi, akiwa na miaka ishirini na miwili.

"Mama, hii ni chuma tu," alisema fundi, Mkongomani, akizima mashine yake. "Unaijua?"

Vidole vya Kawira vilikuwa vimeshafika kwenye swichi za mbele, vikizipandisha na kuzishusha kwa mpangilio uleule wa kuiamsha asubuhi. Miaka hamsini, na bado vilikumbuka. Enzi hizo yeye na wanafunzi wenzake walikuwa wanne, wakigombea zamu, wakishangilia kama watoto programu inapokubali. Sasa amebaki yeye peke yake.

Kwenye droo ya chini ya kompyuta alipata utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, kila safu ya matundu ikiwa herufi moja. Aliuinua kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kuusoma herufi kwa herufi, taratibu.

"Wameandika nini?" fundi aliuliza.

"Wa zamu ya kwanza anamwambia wa zamu ya pili," alisema Kawira. "'Kosa nimelipata. Usihangaike, kanywe chai.'"

Alicheka mpaka akalazimika kuvua miwani.

Kisha akavua na koti, akakunja mikono ya blauzi.

"Una waya mrefu wa umeme?"