Mwendesha Winchi wa Shimo la Tatu

Bwana Silwamba, msimamizi wa mgodi, alizungusha ufunguo wa mlango wa ofisi yake mara mbili, kisha akasogea mbali na dirisha.

"Wako wangapi?" Ngosa aliuliza.

"Zamu nzima. Tangu alfajiri hakuna aliyeshuka shimoni."

Barua ya kuacha kazi ilikuwa imelowa jasho kiganjani mwa Ngosa. Hiyo ilikuwa ya tano tangu Machi, mwenzake wa zamu alipohama na nafasi yake kuachwa wazi. Nne za kwanza alizichana mwenyewe. Kila akitaka kuondoka alijiuliza nani atawashusha wachimbaji.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amekaa kwenye chumba cha winchi, mkono kwenye breki, akiteremsha kizimba, lile sanduku la chuma la kubebea watu, chenye wachimbaji arobaini hadi mita mia tisa chini ya mji wa Mufulira, kisha akiwapandisha. Wengi wao hawakumjua hata kwa sura. Wao walipiga kengele tu, kizimba kikaenda.

Jana, saa ya kumi na tano ya zamu yake, macho yalifumba. Pumzi mbili tu. Alipozinduka aliivuta breki kwa nguvu zake zote. Kizimba kilisimama kwa kishindo, na kelele za watu zikapanda kutoka shimoni. Chishala, baba wa watoto watano, alivunjika mkono. Zilibaki mita sita kabla ya kutumbukia kwenye maji yaliyojaa chini kabisa ya shimo.

"Naacha kazi, bwana," alisema. "Nitakuja kuua mtu."

"Leo? Ukaniache na hao?" Silwamba alijifuta uso. "Mimi nimeshaandika kwamba breki iliteleza. Ungekaa kimya tu, mama, yangeisha."

"Sikukaa kimya. Jana nilimfuata Chishala hospitali. Nikamwambia nilisinzia, nikamwomba radhi."

Silwamba alimkodolea macho. "Ulimwambia? Akasemaje?"

"Aliniuliza nilianza kazi saa ngapi. Nikamjibu. Akageukia ukutani."

"Basi umejiua mwenyewe!"

Nje sauti moja ilipaa: "Mtoe huyo mama!"

Nyingine zikaidaka. "Mtoe! Mtoe!" Kofia ngumu zikaanza kugonga bati la ukuta, zote kwa pamoja, mpaka kikombe cha chai kikatetemeka mezani. Ngosa aliwakumbuka wanaume waliomburuta mwizi wa nyaya barabarani mwaka juzi. Nao walianza hivyohivyo, kwa kugonga.

"Pita dirisha la nyuma," Silwamba alinong'ona. "Kimbia mpaka getini. Nitawachelewesha."

Ngosa alilitazama dirisha. Lilikuwa dogo, lakini angepita. Halafu angekwenda wapi? Nyumba yake iko mtaa uleule wa Chishala, na kisima wanachota kimoja.

Akaiweka barua mezani.

"Fungua mlango, bwana."

"Una wazimu?"

"Niliwashusha kila siku bila kuwaona. Leo acha niwaone."

Silwamba aliurudisha ufunguo mara mbili. Mlango ulipofunguka, kelele zikakatika ghafla. Jua lilimpiga Ngosa machoni. Mbele yake palikuwa na ukuta wa wanaume wenye nyuso zilizokunjamana, na hakuna aliyepisha njia.

Mzee Kafula, kiongozi wa zamu, akajitokeza mbele. Alikuwa na mikono mikubwa, ngozi imepasukapasuka. Alimtazama Ngosa kuanzia viatu hadi macho yake mekundu. Kisha akampita, akaenda kusimama pua kwa pua na Bwana Silwamba.

"Chishala ametueleza saa alizofanyishwa kazi. Mtoe huyu mama kwenye hicho chumba chako cha winchi akalale," alisema, "na umtafutie mwenzake wa zamu. Akiamka, akikubali kurudi, ndipo na sisi tutashuka."