Pikipiki ya Safari

Fundi cherehani alipanda nyuma ya mumewe kwenye pikipiki ya kisasa, mle mle dukani, akaegemea. Kiti kilimpokea kama godoro.

"Hii, mama, unasafiri wiki nzima huku umesinzia," muuzaji alisema. "Shika vishikio hivyo tu, basi."

Akavishika. Mgongo wa mumewe ulikuwa mbali, kama mlima wa ng'ambo. Tangu wamzike binti yao, mwaka sasa, kila mmoja alikuwa akilala ameelekea ukuta wake. Safari hii ya wiki nzima, waliyoitafutia pikipiki, ilikuwa wazo la mume.

"Tujaribu na ile," mke alisema, akionyesha pikipiki ya mtindo wa zamani kando ya dirisha.

"Ile itakuvunja kiuno," mume akaonya.

"Kiuno ni changu."

Wakahamia. Kiti kilikuwa kimoja, kirefu, bapa. Jua la asubuhi lilitapakaa sakafuni kama maji, ikawa kana kwamba duka zima linaelea. Mke akapapasa kushoto, akapapasa kulia.

"Abiria anashika wapi?"

"Hiyo, mama," muuzaji alijibu kwa haya kidogo, "mnashikana wenyewe."

Polepole mikono yake ikazunguka tumbo la mume. Akahisi pumzi ya mumewe ikikwama, kisha ikashuka, ndefu. Akalaza shavu mgongoni pake.

Mume hakugeuka. Aliweka kiganja juu ya vidole vile vyenye sugu za sindano.

"Tunachukua hii," alimwambia muuzaji. "Ila usituteremshe kwanza."