Kibao cha Pampu

Kasiva alifika kwenye pampu ya kikundi chao pale Kalamba na punda wake, mitungi minne mikavu ikigongana mgongoni. Alikuta kibao kimeandikwa Kizungu: "On the fritz."

"Hiyo ni kusema nini?" alimuuliza mlinda pampu.

"Imeharibika, mama. Ni Kiingereza cha Amerika."

"Na kwa nini wanasema hivyo?"

"Hata wenyewe hawajui hilo neno lilitoka wapi. Nimesoma kwa simu." Akacheka peke yake.

Kasiva hakucheka. Pampu hii imeharibika mara nyingi, na kila mara kibao kilisema tu "Imekufa", wakaita fundi. Kwa nini hitilafu ya leo ilitaka neno ambalo hata wenyewe hawajui lilikotoka?

Punda alinyoosha shingo akaanza kulamba gambuti ya mlinda pampu, taratibu, kama anayelamba chumvi. Ulimi ulipopita, tope jekundu, bado bichi, lilichuruzika.

Mvua ilinyesha mara ya mwisho mwezi wa tano. Sasa ni wa kumi, na maji ya karibu ni ya pampu hii tu.

Mlinda pampu akarudisha mguu nyuma.

"Neno tuwaachie Waamerika," Kasiva alisema, macho hapo hapo kwenye gambuti. "Hili tope, mwanangu, limetoka wapi?"