Watatu Wawashinda Wanne

Hakuwa na mume, hakuwa na meno ya mbele, utotoni hakukalia dawati, na Jumapili ile, ndani ya sebule yake mwenyewe, hakuwa na kura.

Wanawe saba walikuwa wakiipigia kura nyumba. Bakuli la vikaratasi alipewa yeye alishike, kwa kuwa, walisema, hawezi kusoma siri ya mtu.

Kifungua mimba, mpima viwanja, akahesabu. Watatu: iuzwe, mama akae kwa kila mtoto mwezi mmoja mmoja. Wawili: ipangishwe, mama abaki na chumba kimoja. Wawili: mama aachwe alivyo.

"Wenye nyingi ni sisi," akasema. "Inauzwa."

Binti wa tano, muuguzi, hakuridhika. "Wanne hatutaki kuuza, kaka. Watatu wanawashindaje wanne?"

"Kwa kuwa nyinyi wanne hamna neno moja."

Muuguzi akataka uwiano, kila upande upate kwa kadiri ya kura zake. Nyumba ina vyumba saba. Basi vitatu viuzwe, viwili vipangishwe, viwili abaki navyo mama.

"Niuze vyumba vitatu vya katikati?" akauliza mpima viwanja. "Mnunuzi ataingilia dirishani?"

Walicheka, hata muuguzi mwenyewe. Mama hakucheka. Alijiona mwezi huku, mwezi kule, kama barua isiyo na anwani.

Jioni alitoka, kama kila jioni, akisema anakwenda kumjulia hali jirani. Alirudi na vidole vyeupe.

"Unga tena, mama?" akauliza muuguzi.

"Unga, mwanangu."

Asubuhi mpima viwanja, mguu mmoja ndani mmoja nje, alimwachia barua ya kwenda kwa mnunuzi pamoja na kidau cha wino. Hati ya nyumba ilikuwa na jina la mama, hivyo dole gumba lake lilihitajika. Abonyeze pale chini, afunge bahasha, aitie posta.

"Wengi wape, mama."

"Wengi ni wangapi?"

"Watatu," akajibu, akawahi basi.

Mama hakukifungua kidau. Alichukua kalamu, na pale pa dole gumba akaandika polepole, herufi moja moja, kama alivyofunzwa kwa chaki kila jioni: *Saba wamepiga kura. Ya nane ni hii: siuzi. Mwenye nyumba.*

Akalamba gundi, akaifunga bahasha, akavuka barabara kwenda kuitia posta.