Kikao Juu ya Shimo

Hebu niambie wewe unayesoma: shujaa hupatikana kwa intavyuu ngapi? Fuko alifanya tatu akiomba kazi ya uokoaji, na mara zote Mkurugenzi Kiboko alimjibu, "Huna eksipiriensi, bwana mdogo. Halafu huoni."

Asubuhi moja shimo la Mama Ngiri liliporomoka, watoto wake wawili wakiwa ndani. Kiboko alifika na kamati yake, wakaketi papo hapo juu ya udongo, wakaanza kutambulishana.

"Wanangu wanakosa pumzi," alisema Mama Ngiri.

"Tulia, mama. Tuko ajenda ya pili."

Fuko alikuwa kando, akitaka kukimbia. Alijua kuwa udongo ulioanguka mara moja huanguka tena, maana baba yake alikufa kwa anguko la pili la namna hiyo. Lakini alimsikia mtoto akikohoa chini, miguu ikamkatalia kuondoka. Akachimba ubavuni mwa shimo, akamsukuma mtoto wa kwanza nje, akarudi kumfuata wa pili.

Kiboko akajivuta juu ya udongo hadi katikati. "Mleteni huyo mtoto nipige naye picha."

Huko chini dari ikashuka, ikamlalia Fuko mgongoni.

"Nani kamruhusu huyu kuingia?" kamati ikauliza.

"Waheshimiwa," Fuko akajibu kwa sauti iliyobanwa, "mtoto wa pili ninaye kifuani, bado anapumua. Kazi yenu siiombi tena. Kinachotuua huku si udongo, ni uzito wenu. Inukeni mtoke juu ya shimo. Sasa hivi."